Nililegeza triga ya bastola ya mtoto wa marehemu kaka yangu

Admin, ficha jina langu na ulifiche vizuri, kwa sababu hapa Kampala mimi si mtu wa kujulikana kidogo. Kuanzia Nateete mpaka Nakawa, mtu mwenye akili alikuwa hanunui bastola kabla ya kusikia mimi nimesema nini. Majenerali wamenipigia simu, siwataji. Nina miaka hamsini na mbili, mtoto wa kambini, baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, na Kiswahili changu ni cha huko huko kambini. Darasani sikukaa sana, mkiona makosa mnivumilie.

Kaka yangu alifariki akaniachia binti, nitamwita Akello. Nilimlea mpaka akasimama mwenyewe, sasa ana duka la jumla la sukari na mafuta pale Nateete. Miezi michache iliyopita vijana wa pikipiki walimfuata akifunga duka, wakachukua mauzo, wakamvunja meno ya mbele kwa mpini wa panga. Hakulia. Aliajiri askari wa kumsindikiza jioni na mauzo, kisha akaenda polisi akaomba kibali cha silaha, wakamchunguza, wakampa. Na kwetu silaha haiingii nyumbani mpaka mzee wa ukoo aishike kwanza aseme ndiyo. Akanijia: "Baba mdogo, mambo haya unayajua wewe. Twende unichagulie."

Dukani muuzaji akatutolea mabastola makubwa ya magazini, yale ya kujazwa risasi kwenye mpini. Nikamwambia, "Hayo wape wacheza sinema. Mwanamke wa mkoba anataka rivolva, mdomo mfupi, risasi tano kwenye silinda, haina kukwama."

Muuzaji akacheka. "Mzee, wewe ulipigana wapi?"

"Uliza ni wapi sikupigana."

Akello naye akacheka, mkono mdomoni, siku hizi anaficha pengo. Tukachukua moja nyeusi, ndogo, inakaa kiganjani kama kipande cha sabuni.

Sasa hizi bastola fupi triga yake ni ngumu, unaivuta safari ndefu kabla haijafyatua, zimetengenezwa hivyo ili zisilipuke ovyo kwenye mkoba. Nikaijaribu ikiwa tupu, nikatikisa kichwa. "Hii ni ngumu kwa kidole cha mwanamke. Mwanangu, nipe siku kidogo nikulainishie."

Muuzaji akasema, "Mzee, kazi hiyo ni ya fundi wetu peke yake, na polisi lazima wajue."

Nikamwambia nimelainisha za watu wakubwa kuliko yeye. Kibali ni cha Akello, hata kuniachia haikuruhusiwa. Lakini tulipofika nyumbani alinikabidhi kwa mikono miwili, amepiga magoti, vile wasichana wa kwetu wanavyompa mzee kitu.

Nina rafiki, Muganda mmoja, fundi wa cherehani. Kuiona tu akarudi nyuma. "Ssebo, mzee wangu, hii haishoni nguo!" Nikamwambia springi ni springi. "Haya, mkubwa wangu, ikilipuka umeilipua wewe, mimi nilikuwa nimeenda kula." Tukaifungua, tukalegeza springi, tukasugua vyuma, triga ikawa laini kama siagi. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele.

Tukaenda na Akello kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Risasi ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikasema tk, basi, kimya.

"Risasi mbovu hiyo," nikasema upesi. Akello akakubali, akatoka nje kupokea simu ya duka. Msimamizi wa pale, afande mstaafu, akaichukua ile ile risasi akaitia kwenye bastola yake. Ikalia.

Akanitazama. "Mzee, risasi ni nzima. Nyundo yenu ndiyo haina nguvu tena ya kuigonga. Nani ameichezea?"

"Sijui, afande."

"Mwambie binti asitembee nayo. Irudi dukani."

"Ndiyo, afande."

Sikumwambia. Na Akello amemwachisha kazi yule askari aliyekuwa akimsindikiza na mauzo. Nilipomuuliza akanijibu, "Wa nini, baba mdogo? Nina kazi ya mkono wako." Kila jioni anapita njia ile ile, mkoba begani. Mimi nakaa kibarazani nasikiliza geti. Likilia nauliza, "Umerudi?" Anajibu, "Nimerudi." Nasema, "Haya." Ningetegemea moyo upige mbio, haupigi. Chakula nakula, chumvi siisikii. Jirani akija namsimulia vita zangu, anacheka, mimi nausikia mdomo wangu unaongea kama redio ya nyumba ya pili.

Nikisema, bastola itarudi dukani, fundi wao ataona tulivyoisugua, polisi wataambiwa, na kibali cha Akello kitafutwa, kwa maana mwenye kibali ndiye wa kujibu. Atabaki bila askari na bila bastola. Tena atajua baba mdogo ni mtu wa aina gani. Nisiposema, siku wale wa pikipiki wakirudi, atavuta na itasema tk.

Ndugu zangu, mko maelfu humu na sura yangu hamuijui. Nianzie wapi kumwambia? Niambieni, nasoma yote, hata matusi.

Ila msiniandikie kwamba niliifanya kwa mapenzi ya mzazi. Ile triga haikuwa ngumu kwa Akello. Pale dukani aliivuta kwa kidole kimoja huku anaongea na simu. Mimi ndiye niliivuta mpaka mkono ukatetemeka, ikanishinda, nikaiweka mezani haraka kabla muuzaji hajaona.