Propela ya Mbele

Nilikuwa fundi magari peke yangu pale shambani Rudewa, baada ya shamba la mkonge kutaifishwa na mabwana wake kuondoka. Walituachia mitambo iliyochoka na pikapu mbili kuukuu za fowili, za kusukumwa na magurudumu yote manne, zote mbili juu ya mawe. Ya bluu ilikuwa na giaboksi nzuri, lakini bloku ya injini yake imepasuka. Ya kijivu injini yake ilikuwa nzima, giaboksi ndiyo imesagika meno.

Ofisa wa usafiri alikuja kutoka Kilosa mjini, akazizunguka mara moja, mikono nyuma.

"Ndugu fundi, hapa kuna gari moja."

"Naona mawili, Ndugu."

"Ni moja. Limegawanyika tu. Liunganishe."

Nikamweleza shida yangu. Mke wangu alikuwa mwalimu Mikumi, na mtoto wetu wa kwanza nilikuwa nimemwona mara tatu tangu azaliwe. Pale Mikumi kulikuwa na karakana kando ya barabara kuu iliyokubali kunichukua, nilichokosa ni ruhusa tu. Ofisa akanisikiliza vizuri, akasema, "Maliza gari hili. Barua yako ya uhamisho nitaiandika kwa mkono wangu."

Nilifanya kazi kama mtu anayechimba tundu la kutokea. Giaboksi ya bluu ilikuwa ya zamani kuliko injini ya kijivu, hivyo matundu ya bolti hayakulingana. Nilitoboa mapya kwa keke ya mkono, siku nne kwa matundu sita. Pedali ya klachi niliitengeneza kwa chuma cha mashine ya kukamua mkonge. Springi nikachagua majani mazima ya chuma kutoka kila gari, nikayafunga pamoja. Wiki ya saba nikapiga hendeli, injini ikakohoa, ikashika. Wanawake waliokuwa wakianika singa za mkonge waliacha kazi wakapiga vigelegele. Nami nilicheka peke yangu, kwa sababu nilishajiona Mikumi.

Nikaliendesha mwenyewe hadi ofisini Kilosa. Ofisa akalipenda. Nikamkumbusha barua.

"Likiharibika atalitengeneza nani?" akaniuliza.

"Mafundi wapo, Ndugu."

"Hili? Hata waliolitengeneza wakiliona leo hawatalijua. Unalijua wewe tu." Akanipiga begani. "Kaa kidogo kwanza."

Nilirudi Rudewa nikiwa nimekaa juu ya gunia la mihogo, nyuma ya gari nililolifufua mwenyewe, maana sasa lilikuwa limepewa dereva. Kila bolti niliyoikaza ilikuwa imenikaza mimi.

Kisha ikaja kazi ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya vya pamoja, watake wasitake. Ofisa alinisomea orodha ya sehemu ambazo pikapu ingekwenda kubeba mizigo, nami nikasikia Kisanga, vile vilima vya juu ambako nyumba ziko mojamoja. Mama yangu alikuwa akiishi huko, mjane, na shamba lake la mahindi na kaburi la baba nyuma ya nyumba.

Jumapili, dereva alipokuwa kanisani, nililala chini ya gari nikafungua bolti nane nikatoa propela ya mbele, ile shafti inayozungusha magurudumu ya mbele. Bila hiyo gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Kwenye tambarare hutajua tofauti, lakini kwenye miinuko ya udongo mwekundu ya Kisanga, wakati wa mvua, halifiki popote. Nikatoa na ile ya pikapu ya bluu, ili asitokee mtu wa kuniambia chukua hiyo. Zote mbili nikazifukia kwenye rundo la makapi ya mkonge.

Jumatatu nikamwambia ofisa krosi za propela, viungo vyake, zimesagika, tusubiri spea kutoka Dar es Salaam.

"Unajua hujuma ni nini, fundi?"

"Najua, Ndugu."

"Vizuri. Basi tuombe spea ifike."

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nikisikia gari, nachungulia rundo la makapi. Lakini moyoni nilijipongeza: hakuna gari, hakuna kuhama, mama yuko kwake.

Siku ya kumi akaja mjomba wangu, kaka yake mama, kanzu imelowa matope hadi magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako ameshateremka."

"Kwa gari gani?"

"Gari gani, wewe? Kwa miguu! Mgambo walitupa siku mbili, wakasema gari bovu, kila mtu abebe chake. Amebeba alichoweza. Ameanguka kwenye korongo, goti limevimba hivi."

Nilikwenda kwenye makapi nikafukua propela. Nilipoifunga, spana iliniponyoka mara mbili usoni. Kisha nikamwambia ofisa spea imepatikana. Hakuuliza imetoka wapi. Akasema, "Nenda ukabebe vilivyobaki."

Gari lilipanda Kisanga bila kusita. Ndiyo kwanza nilikuwa naliona likifanya kazi yake yote, magurudumu manne yakishika udongo, na sikuwahi kuchukia kitu kama nilivyolichukia gari lile. Nyumba ya mama ilikuwa imeezuliwa paa ili asirudi. Tukapakia kinu, kitanda, mlango, na mahindi ambayo tayari yalikuwa yameota kwa mvua.

Mama nilimkuta kijiji kipya, chini ya kibanda cha nyasi, mguu kaunyoosha. Nilimwamkia, akaitikia. Mjomba alipokwenda kushusha kinu, nikamwambia kila kitu, pamoja na makapi ya mkonge.

Akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, "Mlango umekuja na bawaba zake?"

"Ndiyo, mama."

"Mjomba wako usimwambie. Ana mdomo." Akageuza uso, na siku ile hakusema nami tena.

Nilikaa Rudewa miaka sita zaidi. Mke wangu alikuwa akija likizo, akiondoka analia, baadaye akaacha kulia. Pikapu ilikatika chesisi, uti wake wa mgongo, huko Tindiga kwenye matope, imejaa mpunga. Ofisa wakati huo alikuwa mwingine, kijana. Akaniuliza kama linatengenezeka.

"Halitengenezeki, Ndugu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelikagua mara tatu, nikiogopa nisije nikaona njia ya kulifufua tena. Alinisainia barua ya uhamisho mwezi uleule.

Mikumi nilikaa miaka ishirini na mbili, nikitengeneza malori ya safari ndefu. Mama nilimwomba aje kuishi nasi, akakataa. Alisema ameshahama mara moja, inatosha. Akalima kijiji kile kipya mpaka alipofariki, na mlango ule wa Kisanga, uliokuwa sasa kwenye nyumba yake mpya, niliufunga mimi baada ya mazishi.