Bakuli la Nyongo

Kwetu Nyamuswa mgeni wa heshima hapewi supu ya mbuzi hivi hivi. Nyongo inapasuliwa, inakamuliwa kwenye supu ya utumbo, na uchungu wake ndio heshima yenyewe. Mimi siipendi tangu utoto. Mama alikuwa akinicheka, akisema nimezaliwa na ulimi wa mjini.

Aliporudi kutoka Mwanza, katikati ya matibabu ya mionzi kwa saratani ya shingo ya kizazi, hakuwa na nguvu hata ya kucheka. Kuhara kulikuwa kumemkausha mpaka daktari akasimamisha matibabu. Daktari huyo alinieleza kwamba mionzi imechubua utumbo kwa ndani, na nyongo na maji ya kongosho, ambayo siku zote husaga chakula, sasa yanapita juu ya kidonda. Mafuta huita nyongo nyingi, akasema, kwa hiyo apewe uji, wali laini, samaki sato wa kuchemsha. Akipata nguvu atarudi kumalizia. Asipozipata, saratani haitamsubiri.

Shangazi, dada yake baba, akaja na mbuzi wake. Alichinja, akapika, akaleta bakuli kwa mikono miwili. Harufu niliitambua kabla hajaketi, na damu ikanichemka.

"Shangazi, hiyo nyongo itamchoma!"

"Nyongo imchome? Sisi matumbo tunayaponyeshaga na hii hii, tangu bibi zako. Wifi yangu, kunywa."

Nilitamani kulimwaga uani. Lakini majirani walikuwa wamekaa wanatazama, na kumrudishia shangazi bakuli lake ni kumwambia hatumtaki. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Alilipokea, akalinusa, akafumba macho kidogo, maana supu ile aliipenda kweli. Kisha akanikabidhi.

"Ninywee," akasema.

Niliinywa yote, machozi yakinitoka, na si kwa uchungu wa nyongo tu. Niliogopa kumpoteza. Shangazi alinikodolea macho.

Mama alipata nguvu, akarudi Mwanza, akamaliza mionzi. Siku tuliyomleta nyumbani shangazi alichinja tena. Mama akawekewa sato wa kuchemsha, bila tone la mafuta. Mbele yangu likatua bakuli limejaa hadi ukingoni.

"Kunywa," shangazi akasema. "Wewe ndo tumbo lake."