Kisigino cha Lifti

Alikuwa mfupi. Tuliseme mapema, maana kila kocha aliyemtazama aliliona hilo kabla ya jingine lolote. Katika mpira wa kikapu, mchezo wa watu wanaoinama kupita mlangoni, yeye aliishia mabegani mwa wenzake, na mtu wa miaka ishirini na minane harefuki tena. Alichojaliwa ni kuruka. Akiruka, warefu hubaki wakimkodolea macho, ndiyo maana wakamwita Lifti, jina la kuzaliwa likabaki la kwenye kitambulisho.

Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Nyuma ya mashine ya kukaushia palikuwa na ukuta mtupu, na hapo ndipo alipojipima. Husimama wima, akanyoosha mkono na kuchora alama ya chaki. Kisha huruka na kuchora nyingine juu yake. Mwanzoni mwa mwaka, kati ya alama na alama palikuwa na sentimita hamsini na nane. Timu ya taifa ilipotangaza majaribio, kocha alisema waziwazi kwamba mfupi asiyefikisha hamsini na tano asijisumbue kuja. Lifti alikuwa ameshakataliwa mara mbili. Akikosa safari hii basi tena, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Hofu ikamwingia, na hofu ikamtuma kujipima kila siku. Asubuhi kabla ya mashine kuwashwa, mchana wenzake wakila, jioni akitaka kufunga mlango. Akipata hamsini na sita, huruka tena atafute saba. Akipata tano, huruka mara kumi kuikanusha ile tano. Wiki hadi wiki alama ikashuka: hamsini na nne, hamsini na mbili, hamsini. Naye, kama ilivyo desturi yetu sisi vichwa vigumu, akaona dawa ni kuzidisha. Akawa anapanda ngazi za wodini kwa kuruka. Kulipokucha kisigino cha kushoto kilikuwa kimekakamaa hata akashuka kitandani kwa kushika ukuta. Mama yake alimsikia akilia bafuni, akajifanya hajasikia.

Zilipobaki siku kumi na mbili, maji yamemfika shingoni, akajikokota hadi kwa Mama Viungo, mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali hiyohiyo, mtu mzima asiyependa kudanganywa. Mama Viungo aliibinya kano, ile kamba nene iliyo nyuma ya kisigino, na Lifti akauma meno.

Mama Viungo akamweleza kwamba watu hudhani kuruka ni mapaja, kumbe mapaja ni nusu ya habari. Mtu akiinama kwa kasi kabla ya kuruka, kano huvutika kama lastiki na kuweka nguvu. Akiinuka papo hapo, humrudishia nguvu ile kwa mkupuo. Wale warefu walimzidi misuli. Yeye aliwazidi kano. Ila misuli ina damu tele, hupona upesi, na kano damu yake ni ya matone matone. Ikishatumikishwa, kwa siku nzima na ushei hubomoka zaidi kuliko inavyojengeka, ndipo ianze kujiunga. Anayeruka kila siku hubomoa juu ya kilichobomoka.

"Hujaishiwa, mwanangu," alimwambia. "Umejipima mno. Sasa usiruke hata mara moja mpaka siku yenyewe. Na maumivu yatatangulia kuondoka kano haijapona, usiyaamini."

Lifti akajikaza kisabuni. Alihamia meza ya mbali asiuone ule ukuta, akafanya kazi kama mgonjwa, na kila aliyemuuliza habari za mazoezi alimjibu kwa mkato. Siku ya tano akashuka kitandani bila kushika kitu. Siku ya tisa maumivu yakaisha kabisa, na hapo ndipo alipochanganyikiwa kweli. Aende mbele ya kocha roho mkononi, hajui kama ana hamsini na tano au hana? Usingizi ukamhama, chakula kikamshinda.

Siku ya mwisho kabla ya majaribio, mchana, wenzake walipotoka kula, akachukua chaki. Mara moja tu, alijiambia.

Hamsini na saba. Alicheka, akalia, akapima tena kwa utepe. Ilikuwa imerudi. Mtu mwingine angeiweka chaki chini akaenda kula. Yeye akawaza huenda mkono uliteleza, huenda ni bahati. Akainama kwa kasi, na kabla miguu haijaondoka chini akahisi mtu amempiga teke kisiginoni kutoka nyuma. Aligeuka kwa hasira amwone ni nani. Hapakuwa na mtu.

Wenzake waliporudi walimbeba hadi kwa Mama Viungo, akamlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Alimwambia atabonyeza nyama ya mguu nyuma, chini ya goti. Kano ikiwa nzima, wayo utainama wenyewe. Akabonyeza mguu wa kulia, wayo ukainama. Akahamia wa kushoto. Lifti akafumba macho, akangoja wayo uiname, akangoja sana.

"Bonyeza basi, mama," alisema.

"Nimeshabonyeza, mwanangu."