Asali Iliyokataa Kuchachuka

Kaka yangu alimpiga kijana wa Olasiti rungu la kichwa, wakigombea zamu ya kunywesha ng'ombe. Ulikuwa wakati wa Wajerumani, majira ya kipupwe, Mlima Meru umefunikwa na ukungu kutwa nzima na maji ya huko tambarare ya Olasiti yamebaki dimbwi la matope. Kijana yule alianguka, damu ikamtoka sikioni, akabebwa hadi kwao bila kusema neno.

Kaka alirudi nyumbani kwetu Sekei, juu mlimani. Alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka kwenye ugonjwa wa kifua, mbavu zake zote zinaonekana. Tulikuwa watatu tu pale: mama, yeye, na mimi niliyekuwa nimerudi kwa mama kungojea mtoto wangu wa kwanza. Baba alikufa mwaka ule askari walipochoma nyumba na migomba yetu.

Asubuhi yake akaja mzee mmoja, ametumwa na baba wa yule kijana.

"Mtoto amefumbua macho," alituambia. "Baba yake anakubali tuyamalize wenyewe. Mlete kondoo na pombe ya asali, wazee wakae, waombe, yaishe. Lakini iwe kabla ya siku ya soko. Ikipita hapo, anampeleka mwanawe bomani, mzungu alione jeraha."

Alimtazama kaka, naye kaka akatazama chini. Bomani maana yake ilikuwa kiboko, hamsa ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, kisha mnyororo shingoni na kupasua mawe. Wanaume wazima walitoka huko wanatambaa. Kaka alikuwa hawezi kupanda kilima chetu bila kukaa njiani.

Kondoo tulikuwa naye. Asali pia ilikuwepo. Mama aliichanganya na maji ya uvuguvugu, akaimimina katika kibuyu kikubwa na kukiweka karibu na moto. Kilichokosekana ni cha kuichachusha: matunda ya mwegea, ule mti wa matunda marefu yanayoning'inia. Kwetu, pombe ya asali haipikwi bila hayo: hupasuliwa, hukaushwa, huzamishwa katika asali na maji, na pombe ikiwa tayari hutolewa, hukaushwa tena na kutunzwa. Mwanamke huyarithi kwa mama yake. Ya mama yalikuwa yameungua pamoja na nyumba.

"Labda itajigeuza yenyewe," alisema.

Wakati wa joto pengine ingejigeuza, taratibu. Katika baridi ile haikutikisika. Nilifungua kibuyu nikanusa: asali tupu. Mama aliweka sikio lake ubavuni mwa kibuyu, akasikiliza kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito, kisha akaongeza kuni. Tulikuwa tukiamka tunanusa, tunaonja, tunatazamana. Utamu ule ulianza kunichefua.

Nikazunguka kwa majirani. Mmoja alisema yake yamo tayari kwenye pombe ya tohara ya mwanawe. Mwingine alinisikia nikibisha akanyamaza ndani, na moshi unatoka juu ya paa. Waliogopa kuonekana wanaisaidia nyumba ambayo kesho ingetajwa bomani. Nilikaa kando ya njia nikalia, nimeshika tumbo.

Niliporudi, mama alisema, bila kunitazama, "Mwenye matunda mazuri kupita wote ni mama yake yule kijana."

Nikashuka Olasiti. Nilimkuta yule mama uani, anaosha vitambaa vyenye damu. Nikainamisha kichwa aniguse utosini, kama mdogo anavyomsalimu mkubwa.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu, nikimwita mama.

"Iko," aliitika, kwa kuwa salamu haikataliwi. Kisha akauliza, "Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

"Umekuja kumtazama aliyepigwa, au umekuja kuomba?"

"Kuomba, yeyo. Pombe tunayowapikia haichachuki. Hatuna mwegea."

"Mnataka mwegea wangu, mnipikie mimi pombe ya kichwa cha mwanangu?"

Nilipiga magoti pale kwenye matope, na tumbo langu, na sikuweza kuinuka tena. Ni yeye aliyeniinua. Alinikalisha ndani, akanipa maziwa. Kijana alikuwa amelala, kichwa kimefungwa.

"Kaka yake mkubwa, watu wa bomani walimchukua kubeba mizigo ya safari zao," alisema taratibu. "Sijui hata alizikwa wapi. Mume wangu analitaja boma kwa hasira. Mimi sitaki mtoto wa mtu yeyote aingie mle." Akashusha kutoka darini kikapu cheusi kwa moshi. "Chukua. Utayarudisha, hayapungui."

Tuliyazamisha siku hiyo hiyo. Kesho yake mama aliweka sikio kwenye kibuyu, akanivuta mkono nisikilize. Ndani mlikuwa na sauti ya kuchemka, na povu lilikuwa linasukuma kifuniko.

Nilipozeeka, mjukuu wangu anayesomea ualimu alinieleza kwamba katika vitundu vya lile tunda hujificha hamira, na ndani ya hamira mna vimeng'enya, vichocheo vinavyoifanya sukari igeuke kileo haraka, navyo vyenyewe visiishe. Nilimwelewa vizuri.

Tulifika Olasiti kabla ya siku ya soko. Wazee walikunywa, wakawatemea vijana wote wawili pombe kifuani kuwabariki, na baba wa kijana akamshika kaka mkono. Mama alipumua kwa nguvu, nikadhani anazirai.

Askari walitukuta bado tumekaa. Jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Wajerumani, alikuwa ameshapeleka bomani habari za ugomvi.

"Yamekwisha!" yule baba alipaza sauti. "Mimi ndiye mwenye mtoto, nasema yamekwisha!"

Walimfunga kaka kamba hivyo hivyo. Yule baba akafuata nyuma, na mwanawe mwenye kichwa kilichofungwa, nasi wanawake nyuma yao, hadi bomani. Alieleza yote mbele ya mzungu. Mkalimani akarudisha jibu: pombe ya washenzi haifuti kosa mbele ya serikali, ila kwa kuwa aliyeumizwa amesamehe, mnyororo umeondolewa. Kiboko kinabaki.

Tulikisikia kutoka nje ya ukuta. Mama alijiziba masikio. Mimi sikuweza, mikono yangu ilikuwa imemshika yeye.

Kaka alitoka akikokotwa na yule kijana mwenyewe aliyepigwa rungu, mkono wa kaka umezungushwa shingoni mwa kijana. Kila siku mama wa Olasiti alipanda hadi kwetu na mafuta ya kondoo, akampaka mgongo. Mgongo ulipona. Kifua hakikupona. Alikohoa majira yote yale, na mvua za vuli zilipoanza tulimzika kwenye migomba michanga, mtoto wangu akiwa mgongoni.