Siku Mwili Wangu Uliponigeukia

Ndugu zangu mnaougua na mnaouguza, naandika haya kwa mkono ambao kwa muda haukuweza kushika kijiko.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kupangiwa kazi ya elimu ya watu wazima katika kijiji cha ujamaa karibu na Kaliua. Nilikuwa mzima, ila mtu wa wasiwasi. Nikikohoa kidogo tu, tayari najiona kaburini. Siku moja mbwa asiye na mwenyewe aliniuma mguuni. Wanakijiji walimuua na kumchoma papo hapo, hivyo hakubaki mbwa wa kuchunguzwa kama ana kichaa. Nikapanda treni hadi kwetu Kanyenye, mjini Tabora, nikaanza kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, tumboni, kila siku.

Sindano zilipokaribia kwisha, homa ikanishika. Kichwa kiliuma kama kinapasuliwa. Asubuhi moja nilishuka kitandani, miguu ikakataa kunibeba. Mkojo ukaziba, tumbo likavimba, nikalazwa na kuwekewa mpira wa kutolea mkojo. Kisha mikono ikalegea, na maneno yakaanza kunipotea. Nilitaka kumwambia mama ninasikia baridi, nikalikosa neno baridi.

Vitabuni nilikuwa nimesoma kwamba kichaa cha mbwa kikishajitokeza hakuna kupona, na kwamba mgonjwa akiletewa maji koo humbana. Basi nikaogopa kuyaogopa maji. Muuguzi akileta kikombe, nageuza uso, nisije nikajaribu, koo likabana, nikajua. Wauguzi na ndugu zangu wakaona hiyo ndiyo dalili yenyewe. Nilimsikia mjomba akimwambia mama mlangoni, "Dada, tumrudishe nyumbani. Afie kwetu."

Mama alirudi ndani, akakaa kando ya kitanda changu.

Mchana huo akaja jirani yetu, Mzee Chiwanga, Mgogo aliyestaafu kazi ya reli. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wetu walipokatiza nchi yao kwenda pwani, na mtani hazuiwi kwa mgonjwa wala msibani. Alikaa kitandani kwangu bila kukaribishwa.

"Shikamoo, mzee," nilinong'ona.

"Marahaba. Kumbe hujafa? Mimi nimefuata shuka lako."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Mzee akachukua kikombe.

"Babu zako walitulipa hongo, ule ushuru wa njia, ndipo wakanywa kwenye visima vyetu. Leo Mgogo anakupa maji bure, nawe unaringa? Huko kwetu watasema nimekuwa mjinga."

Akaniinua kichwa. Muuguzi ningemkatalia, mtani sikuweza. Nilifumba macho. Maji yakapita. Nikameza tena, na tena, mpaka kikombe kikaisha.

"Kamwiteni daktari," mama alisema.

Daktari alinitazama nikinywa kikombe cha pili, akavuta kiti.

"Hiki si kichaa cha mbwa," alisema. "Nilishuku tangu miguu ilipolegea, ila kukataa kwako maji kulinichanganya. Sindano zile hutengenezwa kwa ubongo wa kondoo. Askari wa mwili wako, yaani kinga yako, wameutambua kuwa ni adui, na ubongo wako unafanana nao. Sasa wanakupiga wewe."

Akasimamisha sindano, akanipa dawa za kuwatuliza askari hao. Mkojo ulirudi kwanza, kisha vidole vya miguu, kisha maneno, moja moja.

Nililala nikistaajabu. Askari walionipigania dhidi ya malaria tangu utotoni ndio walioingia kichwani mwangu kubomoa, na ndio hao walioacha, mimi nikabaki mimi. Nilimuuliza daktari kuhusu bibi yangu, aliyetetemeka mikono na kusahau hata majina ya wanawe. Je, naye askari wake walimgeukia?

"Hatujui," alisema. "Labda watakaokuja baada yetu watajua. Ila ubongo hauishi peke yake, kijana. Damu inaufikia, na askari hao husafiri ndani ya damu."

Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, uende hospitali siku hiyohiyo. Usizikimbie sindano kwa sababu yangu. Wanaopatwa na haya ni wachache, na kichaa chenyewe hakimwachi mtu. Miguu ikifa ganzi ukiwa kwenye sindano, sema mapema.

Namshukuru Mungu, na mama, na daktari, na mtani wangu. Nawe unayesoma ukiwa kitandani, huenda umeshajihukumu kifo kwa ugonjwa ambao huna. Kubali kwanza kupimwa.