Masale Niliyoyang'oa Kihambani

Nilikuwa mwalimu wa historia, tena wa kujisikia. Miaka ile ya tisini nilisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari pale Moshi mjini, nikawaeleza jinsi Wamisri walivyochora habari za wafalme wao kwenye mawe, jinsi Wachina walivyokuwa na waandishi wa kuandika mambo ya mtawala, na jinsi Afrika Magharibi ilivyokuwa na koo ambazo kazi yao ni kukariri nasaba za wakubwa. Mwanafunzi akiniuliza, "Na sisi huku mlimani, mwalimu?" nilimjibu bila kupepesa macho kwamba sisi hatukuweka kumbukumbu yoyote mpaka walipokuja wamisionari. Leo nikikumbuka jibu lile natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni kitinda mimba, kwa hiyo kwa desturi yetu baba alipofariki kihamba kiliangukia kwangu, yaani lile shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na mibuni. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyekuwa akiishi pale. Mwaka huo alikuwa Tarakea kwa shangazi, aliyekuwa amevunjika mguu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya na watu walikuwa wanang'oa mibuni kimyakimya. Nikaona nami nisibaki nyuma, nipande nyanya.

Nilichukua vibarua wawili. Masale ya mpakani sikuyagusa, sikuwa mwendawazimu. Kila mtu kwetu anajua ile mimea ya majani marefu ndiyo alama ya mpaka, na ukiihamisha umetangaza vita na jirani. Lakini nyuma ya migomba kulikuwa na masale mengine, mstari mmoja uliopinda, hayapakani na mtu yeyote, yameziba sehemu nzuri ya shamba. Kibarua mmoja, mtu mzima wa kijijini hapo, alisimamisha jembe.

"Mwalimu, na haya?"

"Na hayo," nikasema.

Akainama akachimba. Nadhani alifikiri mwalimu wa historia anajua anachofanya. Jioni tukayachoma pamoja na mibuni.

Miezi miwili baadaye, kule Pasua, mtaa wa Moshi nilikopanga, mwenye nyumba wangu, mzee Mwislamu wa mjini, alinitolea daftari lililofungwa kwenye kitambaa. Ndani, kwa herufi za Kiarabu, kulikuwa na majina ya babu zake, mmoja baada ya mwingine, pamoja na miji waliyotoka. "Na nyinyi mnaandika wapi?" akaniuliza kwa upole kabisa. Nilimaliza wiki nzima nina kinyongo na swali lile, halafu nikanunua daftari jipya, nikaenda Tarakea kumchukua bibi. Alikuwa mtu wa mwisho aliyejua habari za nyumba yetu. Nisipoziandika kwake, sizipati kwa mwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umekonda."

Nilipomwambia nataka kuandika habari za ukoo, alicheka hadi akashika mbavu. "Hatimaye! Ila siwezi kukuambia hapa. Twende nyumbani nikutembeze."

Tulifika kwetu mchana. Hakutaka hata chai. Alinishika mkono, tukapita kwenye migomba, huku akinieleza kwamba alipoolewa mama mkwe wake alimtembeza njia hiyohiyo. Kila aliyezikwa kihambani alipandiwa sale lake. Unasimama mbele yake, unashika jani, unaambiwa huyu ni nani, alioa wapi, alichimba mfereji gani, njaa ya wakati wake iliishaje. Ndipo unasogea kwa mwingine. Mkaza mwana alirudishwa na kurudishwa mpaka aweze kuutembea mstari wote peke yake.

Nikakumbuka ule mstari uliopinda, nikapunguza mwendo, yeye akanivuta.

Tukatokea kwenye nyanya.

"Mae!" Bibi alimaka, akaachia mkono wangu. "Wako wapi?"

Alitazama matuta, akatazama mimea ya nyanya niliyoifunga kamba kwa ustadi, akanitazama mimi. "Nani amefanya hivi? Ni jirani?"

"Ni mimi, bibi."

Aliketi chini, palepale kwenye udongo. Nilikuwa nimesimama na daftari langu jipya mkononi, mtu mzima mwenye cheti, na historia yote niliyokuja kuiandika nilikuwa nimeichoma moto mwenyewe.

Nikakimbilia mpakani, nikachuma jani la sale, nikalifunga fundo, nikapiga magoti mbele yake. Kwetu mtu akikujia na jani hilo kuomba radhi, humkatalii hata kama amekuulia ng'ombe. Bibi alilipokea.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Hao wengine sijui. Haya, andika."

Alifumba macho. Akaanza na babu, akaja baba yake babu, akaja babu wa babu, na habari zao zote, hadi ng'ombe aliyetolewa mahari. Niliandika mbiombio, nikaanza hata kupata matumaini. Kisha akanyoosha mkono hewani, akapapasa, akafumbua macho.

"Huyu wa nne alikuwa na maneno mengi," akasema. "Ningelishika tu jani lake."

Tulirudia siku ile mara tatu. Bibi aliishi miaka miwili zaidi, na kila nilipopanda kumsalimu aliniambia nitoe daftari, akaanza tena na wale watatu, akafika kwa wa nne, akapapasa hewani.