Vidonda vya Tumbo Nisivyokuwa Navyo

Nilimwapisha mume wangu jikoni, siku ya kwanza ya zile wiki mbili za kunywa supu. Daktari alikuwa ameniambia ini langu limejaa mafuta na lazima linywee kabla hajaingiza vyombo vyake, kwa hiyo hakuna ugali, hakuna chapati, hakuna hata ndizi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha supu ya kuku isiyo na kuku, njaa imenipandisha hasira, nikamwambia kwamba mtu yeyote akiuliza, naenda kupasuliwa vidonda vya tumbo. Mama yangu asijue, kanisa lisijue, dada zake wasijue kwamba nakatwa tumbo ili nipungue. Aliniuliza kama ni lazima. Nikasema ni lazima, na kama ananipenda ataapa. Akaapa. Yeye ni mtu ambaye akisema neno amelisema, nami nilijua hivyo vizuri sana wakati namwapisha.

Nilikuwa na kilo mia moja na ishirini na nane. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tano katikati ya jiji, na lifti ilipoharibika, jambo lililotokea karibu kila wiki, nilisimama kila ghorofa nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Sukari ilikuwa imeanza kupanda. Magoti yalinisumbua hata nikiwa nimelala. Daktari hakuona aibu yoyote katika hayo, alisema ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Aibu niliiona mimi. Niliona kwamba Mungu alinipa mdomo unaofungika, nikashindwa kuufunga, na sasa nataka mtu mwenye kisu anifungie. Tena akina mama wa kanisani walikuwa wamewahi kumcheka mwanamke mmoja wa kwenye televisheni aliyefanyiwa upasuaji huo ng'ambo, na mimi nilicheka nao, kwa sauti kuliko wote.

Hao hao akina mama waliposikia habari ya vidonda walifunga chakula cha mchana siku tatu kwa ajili yangu. Nilipigiwa simu kuambiwa hivyo. Nikasema asante, Mungu awabariki.

Upasuaji ulifanyika katika hospitali moja ya binafsi, si mbali na Hurlingham, Nairobi. Nilipozinduka mdomo ulikuwa mkavu kabisa, na tumboni nilikuwa na matundu madogo yaliyofunikwa kwa plasta. Tumbo lililobaki ndani, nilivyoelezwa, lilikuwa na ukubwa wa ndizi moja. Muuguzi alinipimia maji kwa kikombe cha dawa, kile kidogo cha plastiki, akaniambia hayo ni ya robo saa. Mimi niliyekuwa namaliza chupa nzima ya soda kabla chakula hakijafika mezani.

Mume wangu alichukua likizo. Binti yetu alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo pale kwenye fleti yetu ya Kilimani tulikuwa wawili tu. Alichemsha malenge, akayasaga, akayachuja, akanilisha kwa kijiko cha chai. Nilipotapika alimwaga beseni na kulisuuza bila kukunja uso. Nilikuwa mkali kwake siku zile, nikilalamika supu ina chumvi, supu haina chumvi. Hakunijibu vibaya hata mara moja, na nikikumbuka naumia.

Jumamosi ya sita akina mama walikuja kunijulia hali. Kwetu hamwendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Walileta maharage meusi ya njahi, mukimo wa viazi vilivyopondwa na mahindi, kuku wa kukaanga na chupa ya uji wa wimbi, na mgonjwa ndiye anayepakuliwa kwanza, ale kidogo wakimwona, ndipo maombi yaanze. Walinijazia sahani. Nilikula kijiko kimoja, cha pili, cha tatu kikakwama kifuani, nikakimbilia chooni. Nikarudi nikifuta mdomo. Mmoja wao alikuwa ameingia jikoni kusuuza vikombe, na huko dirishani palikuwa na safu ya chupa za vidonge vyangu: vitamini, madini ya chuma, na vile vya mifupa, vyote vya kumeza maisha yangu yote. Alirudi na vikombe vikiwa bado vichafu. Hakunitazama mimi, alimtazama mume wangu.

Mwezi wa tatu tangu upasuaji nywele zilianza kunitoka. Daktari alikuwa amenionya, alisema zitarudi, na zilirudi. Lakini kufikia mwezi wa sita nilikuwa nimepungua kilo karibu arobaini, mashavu yameingia ndani, kitambaa kichwani kila siku, na Nairobi ya miaka ile ilikuwa na jina moja tu la kukonda hivyo. Hakuna aliyelitamka mbele yangu. Nilisikia tu sauti zikishuka nikipita. Na mwanamke wa ndoa anayetoka ofisini kwenda nyumbani na nyumbani kwenda kanisani, watu hawaulizi aliutoa wapi ugonjwa huo. Wanajua ni nani aliyemletea.

Nami je? Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Nilinunua gauni katika duka moja la mjini nililozoea kulipita bila kuingia, nikageuka mbele ya kioo mara tano. Nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tano bila kusimama. Wiki hiyo hiyo mchungaji alimwita mume wangu ofisini kwake.

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili ya Meza ya Bwana yeye ndiye aliyepitisha mkate benchi kwa benchi, na kazi hiyo aliipenda. Jumamosi iliyotangulia alijipigia viatu rangi mwenyewe. Baadhi ya watu walikuwa wameanza kuiacha sahani ya mkate ipite, mikono mapajani. Mchungaji akamwomba apishe kidogo, mpaka mambo ya nyumbani yatulie. Aliniambia hayo akiwa ameinama anafungua kamba za viatu. Nikamuuliza alijibu nini. Akasema alijibu sawa. Sentensi moja kutoka kwangu ingemrudishia heshima yake Jumapili iliyofuata, na alijua kwamba najua. Nikamuuliza kama anataka chai.

Kisha mama yangu akaja kutoka mji wa Kikuyu. Mume wangu ni mtu wa magharibi mwa Kenya, si wa kabila letu, na nilipotaka kuolewa naye wajomba walinung'unika. Ni mama aliyewanyamazisha. Mwaka wa vurugu za uchaguzi, majirani walipoanza maneno, yeye ndiye aliyesema huyo ni mwanawe. Lakini kwetu mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawaketi karibu, hawazungumzii mambo ya mwili. Kwa miaka kumi na miwili mama alikuwa ameongea na mume wangu habari za mvua, ng'ombe na shule ya mtoto, basi. Siku hiyo alimwomba aketi. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na trei ya chai.

"Mimi sijakuja kugombana," mama alimwambia, macho kwenye zulia. "Hii ugonjwa siku hizi iko na dawa. Naomba tu msichelewe. Mimi niko na huyu mmoja."

Mume wangu aliinua uso akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, kwa sababu neno lilikuwa langu na yeye alikuwa amefungwa na kiapo. Nilisimama na ile trei. Nikavipanga upya vikombe juu yake. Akainamisha kichwa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Hatutachelewa."

Nilimsindikiza mama kushuka ngazi. Tulipofika ghorofa ya kwanza nilishindwa, nikamwambia yote, upasuaji, supu, vidonda ambavyo sikuwa navyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza mume wangu alijua tangu lini. Nikasema tangu mwanzo. Mama yangu, ambaye haketi popote bila kupangusa, aliketi kwenye ngazi ya saruji na nguo zake za kanisani.

"Nimeambia mtoto wa wenyewe maneno mama hawezi ambia mkwe," alisema. "Na akakubali."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilimwomba turudi juu ili amsikie mwenyewe, akakataa, akasema hana uso wa kumtazama nao. Akaenda zake. Tangu siku hiyo hajalala nyumbani kwetu, na akija huketi kwenye kiti cha mlangoni.

Nilipanda juu nikiwa mwepesi, naona aibu kusema hivyo, lakini nilikuwa mwepesi. Mume wangu alikuwa anaosha vikombe. Nikamwambia nimemweleza mama kila kitu. Nilidhani atashusha pumzi. Alisuuza kikombe alichokuwa nacho, akakiweka kifudifudi kando ya sinki.

"Sawa," akasema. "Imebaki kanisa."

Jumapili iliyofuata nilisema naumwa na kichwa. Ile nyingine pia. Ya tatu nilienda, nimeyapanga maneno tangu Ijumaa, na mchungaji alipouliza kama kuna aliye na shukrani au ushuhuda, nilishika benchi la mbele nipate kuinuka. Nikaona wale akina mama wamegeuza shingo. Nikawaza watakavyonicheka, jinsi nilivyowahi kucheka. Nikakaa. Mume wangu hakunitazama, wala nyumbani hakulitaja jambo hilo tena.

Mwaka ulipoisha nilipendekeza tuhamie kanisa jingine, upande wa Lavington, na akakubali. Huko hakuna aliyenijua nikiwa mnene. Waliniona mwanamke wa kawaida aliyevaa vizuri, na wakamwona yeye mtu mtulivu, mwenye kuwahi ibada. Baada ya miezi michache wazee wawili walitujia nyumbani, wakamwomba ajiunge nao katika uzee wa kanisa. Mume wangu aliwasikiliza kwa adabu. Akawajibu kwamba anashukuru, lakini mtu wa kazi hiyo anatakiwa kuwa na jina safi.

Wakageuka kunitazama mimi, niseme neno la kumtetea. Nikawaongezea chai.